Muulize Mjomba: Kiazi Kikiimbiwa Ujue Wali Umeadimika

Toleo lililopita niligusia mistari miwili tu kuhusu ile vidio ya watoto wa Korea Kaskazini wanaoimba kiazi, nikajua nimemaliza, nikaendelea na mambo ya mirathi. Weee. Barua zilizokuja ni viazi tupu, ya mirathi hata moja hakuna. Basi leo ukurasa wote ni nyimbo za kampeni za chakula, zile ambazo serikali inatunga au inatungisha ili mpende kitu ambacho mngepewa nafasi ya kuchagua msingekichagua. Barua nimezifupisha kidogo, na matusi nimeyatoa, yalikuwa mawili tu.

SWALI: Shikamoo Mjomba. Mi nauza viazi hapa Makambako mwaka wa kumi na moja huu, nimebeba lumbesa mpaka mgongo umenipinda, lakini sijawahi kuona mtu anakiimbia kiazi. Mdogo wangu kanitumia vidio, watoto wa Korea wamependeza wanacheka wanatingisha vichwa wanaimba kiazi kiazi mpaka mwisho. Hii ni ya kweli au watu wameitengeneza kwenye kompyuta? Na kama ni ya kweli, kwa nini kiazi jamani?
Muuza viazi, Makambako

JIBU: Marahaba mjomba. Ni ya kweli kabisa. Na wala siyo moja, wana kadhaa, ila hiyo uliyotumiwa nadhani ni ile ya watoto inayosema kiazi cha Taehongdan ni kikubwa mpaka mtu peke yake hakimalizi. Taehongdan ni wilaya, iko juu kaskazini mkoa wa Ryanggang, mpakani na China, upande wa mlima Paektu, na baridi ya kule wewe wa Makambako unaweza kuibashiri ila zidisha mara kadhaa, mpunga hauoti kule hata uubembeleze. Kiazi kinaota.

Sasa kwa nini kiazi, hapo lazima tuanze na wali. Mkorea, awe wa Kaskazini awe wa Kusini, chakula kwake ni wali mweupe kama sisi tulivyo na ugali, unaweza kula vitu vitano lakini kama wali haujagusa mdomo unasema leo sijala. Kim Il-sung mwanzilishi wa ile nchi aliwaahidi watu tangu miaka ya 60 kwamba watakula wali na supu ya nyama, watavaa hariri na watakaa nyumba za vigae. Ndo ilikuwa ahadi yenyewe, kama mwanasiasa wa kwetu akuahidi pilau kila siku. Bahati mbaya nchi ni milima mitupu, ardhi ya kulima haifiki hata robo, na mavuno yalikuwa yanategemea mbolea nyingi na pampu za kumwagilia na mafuta ya bei ya kirafiki kutoka Umoja wa Kisovieti. 1991 Usovieti ukafa. Mafuta ya kirafiki yakaisha, viwanda vya mbolea vikazorota, na mwaka huohuo serikali ikaanzisha kampeni ya kuwaambia watu wale milo 2 tu kwa siku, eti ni kwa faida ya afya. Alafu 1995 yakaja mafuriko makubwa yakazoa mashamba. Njaa iliyofuata wenyewe wanaiita kwa jina linalomaanisha Mwendo wa Taabu, na waliokufa wanakadiriwa kuanzia laki kadhaa mpaka zaidi ya milioni 2, inategemea nani kahesabu na kahesabu vipi.

Sasa ndani ya hali hiyo, Oktoba 1998, Kim Jong-il, mtoto wa yule aliyeahidi wali, akapanda mpaka Taehongdan akatoa neno kwamba kiazi ni sawasawa na wali mweupe. Mjomba rudia hiyo sentensi polepole. Baba kaahidi wali, wali haupo, mtoto hasemi ahadi imeshindikana, anasema kiazi NDO wali. Kuanzia hapo ikawa mapinduzi ya kiazi, wanajeshi waliomaliza utumishi wakapelekwa kule juu kwa mamia kwenda kulima, na wasichana nao wakahamasishwa wakaolewe na hao wanajeshi, na kuna habari ambayo kule kila mtu anaijua ya mke wa mwanajeshi mmoja mjamzito aliyemwomba kiongozi ampe mtoto jina, akaambiwa wa kiume aitwe Taehong na wa kike aitwe Hongdan. Yaani jina la wilaya ya viazi limekatwa katikati wakagawiwa watoto ambao hawajazaliwa.

Na nyimbo zikafuata, na mashindano ya mapishi ya viazi, tambi za viazi, keki za viazi, kila kitu. Usisahau kule nyumba nyingi zina kipaza sauti cha ukutani kilichounganishwa kwa waya, kinasema kinachotaka kusema, kituo cha pili hakuna.

We kama mfanyabiashara usikilize ule wimbo kwa sikio la biashara. Hauimbi mbegu, hauimbi bei, hauimbi gunia. Unaimba ukubwa, kiazi kikubwa mpaka kinabaki sahanini. Wewe mwenye stoo imejaa huwezi kutunga wimbo wa hivyo, utatunga wimbo wa madalali na barabara mbovu. Kinachobaki sahanini anakiota mtu ambaye kwake hakibaki kitu.

SWALI: Niaje Mjomba. Niko chuo, nasoma kilimo. Hizo ngoma za waru zilisaidia ama ni kelele tu? Yaani mavuno yaliongezeka? Na watu waliamini?
Mwanafunzi, Eldoret

JIBU: Poa. Maswali matatu umeyabana kwenye mstari mmoja kama abiria wa matatu, haya.

Kiazi chenyewe ukikitazama kama mkulima na siyo kama mwimbaji, wazo halikuwa la kijinga hata kidogo. Miezi mitatu minne unavuna, ekari moja inatoa chakula kingi kuliko nafaka nyingi, na kinakubali milima na baridi. Yaani ukiambiwa una nchi ya mawe na baridi na watu wana njaa, wewe mwenyewe mwanafunzi wa kilimo kiazi ungekiandika kwenye karatasi ya mtihani na ungepata maksi. Watu wa kaskazini kabisa kule walikuwa wanakula viazi tangu zamani kabla ya kiongozi yeyote kupanda mlima, mpaka viazi vilivyoganda na barafu walijua kuvifanya tambi nyeusi hivi, ni chakula cha kwao cha kienyeji.

Shida ni kwamba kiazi karibu asilimia 80 ni maji, ukipakia tani 10 umepakia tani 8 za maji, na nchi haina dizeli, treni inasimama njiani siku kadhaa, kule ni baridi kinaganda, huku chini ni joto kinaoza. Nafaka unaiweka ghalani mwaka mzima, kiazi kinakudai kila siku. Alafu mbegu. Unajua mwenyewe kiazi unapanda kiazi, karibu tani 2 za mbegu kwa hekta, na ukirudiarudia mbegu ileile virusi vinajikusanya mavuno yanashuka, inatakiwa mbegu safi kutoka maabara kila baada ya muda. Hakuna wimbo unaoua virusi. Na mbolea ileile iliyokosekana kwa mpunga, kiazi nacho kinaitaka.

Ushahidi kwamba waliijua shida hiyo ni kile kiwanda cha unga wa viazi walichojenga Samjiyon, hukohuko Ryanggang, maana ukishakausha na kusaga umeyatoa maji. Oktoba 2018 Kim Jong-un, mjukuu sasa, alipiga picha humo amekaa juu ya mlima wa viazi anacheka na maofisa wake wamekaa kando nao wanacheka. Ilizunguka sana ile picha. Miaka 20 kamili tangu baba yake apande Taehongdan na bado kiazi kinapigwa picha, we jiulize mpunga uko wapi.

Waliamini? Mimi nimeimba sana shuleni nyimbo za vitu ambavyo sikuviamini na vingine niliviamini, na mdomo ulifunguka vilevile.

SWALI: Mjomba habari za huko. Mi nipo Leicester nafanya kazi ya kutunza wazee. Kuna bibi ana miaka 90 na kitu, jina langu hakumbuki, ila tukileta viazi mezani anaanza kuimba wimbo wa kiazi mtu mwenye miguu na kofia, alafu ananikataza kumenya. Naambiwa ni wa vita. Kwa hiyo Waingereza nao walikuwa na propaganda ya viazi kama Korea?
Msomaji, Leicester

JIBU: Nzuri dada, pole na baridi. Ndiyo walikuwa nayo, na huyo bibi yako hajapotea, kumbukumbu yake iko sawa kabisa upande huo. Huyo kiazi mtu jina lake Potato Pete, katuni ya Wizara ya Chakula wakati wa Vita ya Pili, kiazi kina kofia na viatu na jani la nyasi mdomoni, alikuwa kwenye mabango, kwenye vitabu vidogo vya mapishi, na alikuwa na wimbo wake aliuimba Betty Driver, ambaye baadaye Waingereza walimjua kwenye tamthilia ya Coronation Street. Alikuwepo na mwenzake Doctor Carrot, daktari karoti.

Mambo yalikuwa hivi. Kabla ya vita Uingereza ilikuwa inaagiza karibu asilimia 70 ya chakula chake kwa meli, ngano kutoka Kanada, nyama, siagi, sukari. Vita ilipoanza Septemba 1939 nyambizi za Wajerumani zikaanza kuzamisha meli, na kila gunia la ngano likawa na thamani ya maisha ya mabaharia. Tarehe 8 Januari 1940 kadi za mgao zikaanza, siagi, sukari, nyama ya nguruwe ya kukausha. Kiazi kilikuwa kinalimwa nyumbani, hakipandi meli, kwa hiyo kikaachwa nje ya kadi muda wote wa vita, kula utakavyo, na waziri wa chakula Lord Woolton akawa kila siku anawabembeleza watu wale kiazi wapunguze mkate. Kulikuwa na kipindi cha redio BBC asubuhi kinafundisha mapishi. Kulikuwa na pai ya mboga bila nyama wakaipa jina la waziri, ilitungwa na mpishi mkuu wa hoteli ya Savoy, na watu waliila huku wanaitukana. Na hilo la kukukatazia kumenya, ni shairi dogo la wizara lililosema mwenye nia ya kushinda vita anakula kiazi na ganda lake, kwa sababu akiona maganda yametupwa Lord Woolton anaumia moyoni. Kwa Kiingereza lina vina vizuri sana, ndo maana limekaa kichwani miaka zaidi ya 80.

Sasa unauliza kama ni sawa na Korea. Mi naona ni jamaa wa ukoo mmoja ila hawakulelewa nyumba moja. Sababu ni ileile, chakula kinachopendwa kimepungua kinapigiwa debe kilichobaki. Lakini angalia nani anachekwa ndani ya wimbo. Kwa Waingereza anachekwa waziri mwenyewe, eti anaumia moyoni kwa sababu ya maganda, na kiazi kina kofia ya kichekesho, na ndani ya wimbo kuna kazi, pika hivi, usitupe. Kule Korea kiazi kimefungwa kwenye mguu wa kiongozi, ukikicheka kiazi umemcheka nani? Alafu kule Uingereza gazeti liliweza kuandika kwamba ile pai ni mbaya na mhariri akalala kwake usiku.

Ila na Waingereza wasijisifu sana. Vita ikaisha 1945, watu wakajua sasa raha, 1946 mkate ambao haukuwahi kuwekwa kwenye mgao hata chini ya mabomu ukawekwa kwenye mgao, na 1947 baada ya majira ya baridi makali kiazi chenyewe, kiazi kile cha kula utakavyo, nacho kikaingia kwenye mgao. Sijui Pete alijisikiaje. Mpikie bibi na maganda, dada, kwani unapungukiwa nini.

SWALI: Mjomba kwani mahindi yamekosa nini? Viazi vinaimbwa, sisi tunaolisha nchi hatuimbwi.
Mkulima wa mahindi, Kitale

JIBU: Mzee usione wivu, mahindi yameimbwa kuliko kiazi na kilichowapata waimbaji utapenda kukisikia. Nikita Khrushchev, kiongozi wa Usovieti, alikuwa na mapenzi na mahindi yaliyopita kiasi. Miaka ya 50 akaamua mahindi ndo yatalisha ng'ombe, ng'ombe watatoa maziwa na nyama, na kwa nyama na maziwa wataipita Marekani. Mahindi yakapewa cheo, malkia wa mashamba, mabango, nyimbo, mashairi, 1957 ikatoka mpaka katuni ya watoto mmea wa mahindi una sura unatembea. 1959 akaenda mwenyewe Iowa, Marekani, kuona shamba la Roswell Garst ambaye alikuwa anamuuzia mbegu. Mwaka 1962 walipanda hekta kama milioni 37, na sehemu kubwa ilikuwa kwenye mikoa ya baridi ambako mahindi yanafika magotini alafu barafu inakuja, wakulima wanajua haitatoa ila nani atamwambia. 1963 mavuno yakawa mabaya mpaka nchi ile kubwa ikanunua ngano nje, na Oktoba 1964 wenzake wakamwondoa madarakani, kwa mengi, mahindi yakiwemo. Watu walishampa jina, Kukuruznik, maana yake mtu wa mahindi. Hicho ndo cheo unachokililia mzee?

SWALI: Wewe Mjomba, nimesoma ulivyowacheka Wakorea. Mimi ni mwalimu mstaafu, nimefundisha tangu 1971. Sisi tuliimbisha watoto mtama, muhogo na kilimo cha kufa na kupona, na hatukuwa wajinga wala watumwa. Nchi ilikuwa na njaa. Ungetaka tuimbe nini?
Mwalimu mstaafu, Dodoma

JIBU: Shikamoo mwalimu. Barua yako nimeisoma mara tatu na ya tatu nilikuwa nimesimama.

Kwa wadogo zangu ambao hawakuwepo. 1972 TANU ilikaa Iringa ikatoka na Siasa ni Kilimo. Mwaka uliofuata mvua zikaanza kugoma, 1973 na 1974 ukame, na wakati huohuo watu wanahamishiwa vijijini kwa operesheni, wengine wameacha mashamba yao wanaanza upya, na serikali ikalazimika kuagiza mahindi nje kwa fedha za kigeni ambazo hazikuwepo. Huko nyumbani kwetu unga wa njano wa msaada tuliuita yanga, na mpaka leo bibi zetu ukiwatajia yanga wanafikiria sufuria kabla ya mpira. Ndo 1974 na 1975 ikaja kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona, kila mtu alime, ofisi ilime, shule ilime, mtu wa mjini atafute kishamba chake. 1975 hiyohiyo redio ikaendesha Chakula ni Uhai, watu wanakaa vikundi vijijini na redio moja katikati, wanasikiliza kipindi, wanasoma kijitabu wanajadili, ilivuta watu zaidi ya milioni nzima, baada ya ile ya mwanzo ya Mtu ni Afya ya 1973.

Na nyimbo zilikuwa kila mahali. Bendi kubwa zilikuwa za taasisi, NUTA ya wafanyakazi, ya Polisi, ya JKT, na studio iliyokuwepo ni ya Radio Tanzania Dar es Salaam, kwa hiyo wimbo kabla haujarekodiwa maneno yake yanapitiwa. Ngonjera zilishaenea, marehemu mshairi Mnyampala na UKUTA, chama chao cha washairi, walizisukuma tangu enzi ya Azimio la Arusha. Kila kijiji kwaya. Na sisi wanafunzi kulipopambazuka ni mchakamchaka, tunakimbia tunaimba, alafu tunaishia shamba la shule na majembe.

Mwalimu mimi ni mmoja wa watoto wako, siyo darasani kwako ila palepale kanda ya kati, nilikuwa darasa la pili. Tuliimba mtama unavumilia ukame, na ilikuwa kweli tupu, mtama unavumilia ukame. Bibi yangu alikuwa anaimba kwaya ya kijiji safu ya mbele na aliupenda ule wimbo kwa sababu yeye mtama aliulima kabla ya TANU haijazaliwa, akasema sasa ndo serikali imekuja kwenye chakula changu. Kwake haikuwa propaganda, ilikuwa heshima imechelewa. Kwa hiyo swali lako, ungetaka tuimbe nini, sina jibu la kukushinda, wimbo ule ningekuwa mwalimu mwaka ule na mimi ningeuimbisha. Nakubali.

Ila niruhusu nikuongeze kipande ambacho nyimbo haikufika. Shirika la Taifa la Usagishaji lilipandisha bei ya kununulia mtama na uwele na muhogo, mkulima akahamasika, akalima, akauza, shirika likanunua kama lilivyoahidi. Alafu maghala yakajaa. Mtu wa Dar es Salaam hakutaka ugali wa mtama, alitaka sembe, na mkate, na wali akiupata. Wimbo uliweza kumlimisha mtu wa Dodoma mtama, haukuweza kumlisha mtu wa Kariakoo. Na tofauti na bibi yangu, kuna waliokuwa na kumbukumbu mbaya zaidi, maana mkoloni naye aliwalazimisha watu kwa sheria ndogo kila kaya ipande muhogo wa akiba ya njaa, asiyepanda anashtakiwa, kwa hiyo bwana shamba wa Uhuru alipokuja na ujumbe uleule wa muhogo kuna wazee waliitikia wimbo huku macho yanatafuta askari yuko wapi.

Makopa yenyewe mi nayapenda. Hilo liandikwe.

SWALI: Mjomba, Muhogo wa Jang'ombe nao ni wimbo wa kilimo? Tunabishana hapa barazani.
Wanabaraza, Unguja

JIBU: Nyie watu wa Unguja mnanitafuta. Bibi zenu wanajua muhogo gani unaosemwa pale, kawaulizeni, mkirudi mkiwa mnaweza kutazamana usoni mniandikie. Jembe halihusiki.

SWALI: Shikamoo Mjomba. Mwanangu ana miaka sita, binamu zake wamemwonyesha ule wimbo wa kiazi wa Korea kwenye simu, sasa hivi ni wiki mbili anauimba, Kikorea chenyewe hakijui anaimba sauti tu, kuoga anaimba, choo anaimba, na kanisani juzi kaimba. Mume wangu anasema nimkataze, ni propaganda ya madikteta. Nifanyeje?
Mama wa mtoto mmoja, Arusha

JIBU: Marahaba mama. Mwambie baba wa mtoto apumue kwanza. Huyo mtoto hatajiunga na chama chochote, kilichomnasa ni mdundo, na wale watunzi wa Pyongyang tuwape haki yao, kutunga wimbo unaogoma kutoka kichwani wanajua.

Na hayuko peke yake. Wimbo huohuo watoto na vijana wa Korea Kusini waliuokota kwenye intaneti zamani wakaufanya kichekesho, wanaigiza lafudhi na vichwa vinavyotingishika, tazama wenzetu wanaimbia kiazi. Wanachosahau ni mama zao. Kusini miaka ya 60 na 70 wali nao ulikuwa mgumu, serikali ya Park Chung-hee ikawalazimisha watu wachanganye wali na shayiri na wale vitu vya ngano, siku za Jumatano na Jumamosi migahawa ikakatazwa kuuza wali mchana, na shuleni mwalimu alikuwa anapita dawati kwa dawati, mtoto anafungua kopo lake la chakula, mwalimu anachungulia kama punje za shayiri zimo za kutosha, wali mweupe mtupu unaadhibiwa. Na nyimbo walikuwa nazo, za kusifu shayiri na unga, waliimbishwa palepale shuleni. Zikaishia pale mpunga wa mbegu mpya uliposhika na 1977 wakajitosheleza kwa wali, hakuna aliyeziimba tena. Kwa hiyo anayecheka kiazi cha Kaskazini leo, mama yake alikuwa anaficha wali mweupe chini ya shayiri ili mwalimu asiuone.

Kwa mwanao fanya hivi. Neno analolirudia pale kwenye kiitikio, linalosikika kama wang gamja, ni kiazi mfalme, kiazi kikubwa. Mwambie maana yake. Mwambie na kwamba waliouimba kwanza walikuwa watoto wa nchi iliyotoka kwenye njaa, kwa maneno ya miaka sita, usimtishe. Alafu Jumamosi nenda naye soko la Kilombero mchague kiazi kikubwa kuliko vyote mnavyoviona, mchuuzi atanung'unika kwamba unamvurugia fungu, mlipe tu. Chemsha na ganda lake, weka chumvi, mpe peke yake kwenye sahani, uone kama atakimaliza.